Miguu Iliyobaki Nje ya Picha

Nilikwenda Gehandu kwa sababu ya jozi ya viatu vya kahawia ambavyo vilipaswa kuonekana kwenye picha na havikuonekana. Ilikuwa miaka ile Mbulu na Hanang zilipotolewa mkoa wa Arusha na kuingizwa mkoa mpya wa Manyara, na mji wetu wa Babati ukapewa makao makuu. Ofisi zilinuka rangi mbichi. Watu waliozoea kusafiri hadi Arusha kutafuta muhuri sasa waliukosa hapahapa, karibu na nyumbani, na wakashukuru kuokoa nauli. Mimi nilikuwa na kibanda cha picha jirani na stendi: pasipoti, ubatizo, harusi, na vijana waliotaka kusimama kando ya gari la mtu mwingine.

Asubuhi ya Jumatatu akaingia dada mmoja, mhudumu katika mojawapo ya ofisi hizo mpya. Jina lake Agnes. Nikamwonyesha kiti cha pasipoti. Hakukaa.

“Wewe ndiye Theresia uliyekuwa unauza viatu mnadani Gehandu?”

Swali la namna hiyo mfanyabiashara halijibu haraka. Nikauliza viatu vya aina gani.

“Vya baba yangu,” akasema. “Mzee Gidahoda. Ulimuuzia viatu, halafu ukampiga picha, halafu ukamkata miguu.”

Hapo nikakumbuka. Biashara zilipofunguliwa, marobota ya mitumba yalianza kufika hadi minadani, nami nilizunguka Hanang na gunia la viatu mgongoni na kamera shingoni. Kamera yenyewe niliikuta ndani ya robota la makoti, na mwenye robota hajui mpaka leo. Mzee Gidahoda alikuwa mfugaji mrefu, mwembamba, ambaye maisha yake yote alivaa katambuga za tairi. Siku hiyo alivipenda viatu vya ngozi vya kufunga kamba, vya kufika juu ya kifundo. Tulibishana tangu ng'ombe wanaingia mnadani mpaka wanatoka. Aliondoka mara tatu na kurudi mara tatu. Mimi nilifunga gunia mara mbili ili kumtisha. Ulikuwa ubishi mzuri, wa watu wanaoheshimiana. Alipovivaa akatembea hatua chache, akavitazama, akasema, “Sasa nipige navyo.”

Bahati mbaya ni kwamba wiki iliyotangulia nilikuwa nimefundishwa kanuni ya theluthi, ya kuigawa picha mafungu matatu na kumweka mtu pembeni. Nilikuwa kama mtu aliyenunua redio jana, majirani wote lazima wasikie. Desturi ya wateja wetu ilijulikana: mtu asimame katikati, mikono ibane mapajani, aonekane kuanzia kofia hadi soli. Ukimkata miguu, picha hachukui. Lakini mimi nikaona mgongo wa Mlima Hanang unavyoshuka, nikamsogeza mzee upande wa kulia, nikauachia mlima theluthi mbili, nikabonyeza mara moja. Picha ilipotoka kusafishwa Arusha nilikuwa nimehamia minada mingine. Nikaituma kwa mtu, wala sikuitazama mara ya pili. Mimi, ninayehesabu chenji mara mbili hata nikirudishiwa sarafu moja.

“Baba alifariki mwaka uliofuata,” Agnes akasema. “Picha yake ni hiyo tu. Mama ameigeuzia ukutani. Sasa mama mwenyewe moyo wake si mzima, daktari ametuambia tusimpe kazi nzito, na sisi tunajua maana ya maneno hayo. Hana picha hata moja. Kila tukimletea mpiga picha anamfukuza. Juzi amesema atapigwa na mtu mmoja tu.”

“Nani?”

“Aliyemkata baba miguu. Anasema aje kwanza amweleze.”

“Na asipokubali maelezo yangu?”

Agnes akafunga mkoba wake. “Basi ya mama hatutakuwa nayo kabisa. Ya baba tunayo nusu.”

Nilijaribu kumwambia kwamba wiki hiyo nina harusi mbili. Akaanza kumwandikia kaka yake wa Gehandu barua nitakayoibeba. Harusi nikampa jirani yangu.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, niliondoka Babati na basi la Mbulu. Najua Gehandu haiko njia ya Mbulu. Lakini negativu ya ile picha, kipande cha mkanda inakotolewa, nilikuwa nimeiacha Endagikot, kwa mwalimu wangu wa kupiga picha, ambaye hakuwahi kutupa kitu chochote tangu azaliwe, na bila negativu nisingeweza kuisafisha upya wala kujua nilichofanya. Mkobani nilikuwa na mkanda mmoja mpya wa picha thelathini na sita, mkate, na barua ya Agnes kwa kaka yake.

Saa mbili, Dareda. Hapo barabara inaliacha bonde na kuanza kupanda ule ukuta wa kwenda Mbulu. Nilihesabu kona nikapata ishirini na tatu. Kwenye mojawapo basi lilisimama kupoza injini, nikashuka nikaitazama barabara tuliyotoka nayo. Ilikuwa imelala mlimani kama mkanda wa suruali uliotupwa kitandani. Mstari ulionyooka ni sawa na mteja anayelipa bila kubishana: jicho linafika upesi, biashara imekwisha, hamjajuana. Uliopinda unakuchelewesha. Unaenda kushoto kama anayeondoka, kumbe anarudi na bei nyingine. Nikapiga picha moja, nikaiacha ile kona ya chini ianzie kwenye pembe ya picha na kupanda mpaka mwisho wa macho. Kondakta akaniuliza mbona nimepiga barabara tupu na watu tupo.

Saa saba mchana, Endagikot. Mzee Lohay nilimkuta shambani anapalilia maharage. Zamani alikuwa na studio Mbulu mjini, ya picha nyeusi na nyeupe, yenye pazia lililochorwa maua. Picha za rangi zilipoingia na kila kijana akapata kamera, alifunga mlango, akabeba pazia lake, akarudi kulima. Pazia lilikuwa limetundikwa kati ya sebule na chumba, na maua yake yalikuwa hayajanyauka.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, Theresia. Umekuja kunisalimia au umekuja kuchukua kitu?”

“Vyote viwili.”

“Basi anza na kusalimia.”

Nikasalimia. Nikauliza watoto, ng'ombe, mvua, goti lake la kushoto, kisha goti lake la kulia. Mke wake akatuletea ugali, maharage na maziwa ya mgando. Tulipomaliza ndipo nikasema kilichonileta, naye akacheka taratibu, mabega tu.

“Mimi nilikufundisha kugawa picha,” akasema. “Kukata watu ulijifunza wapi?”

Ukutani bado kulikuwa na ile fremu ya mbao aliyonifundishia, yenye nyuzi nne za gunia: mbili za kusimama, mbili za kulala. Aliitumia kama shamba. Alikuwa akisema hapo ndani una vishamba tisa, na mwenye akili hajengi nyumba katikati ya shamba, kwa sababu atalima wapi? Nyumba ikae pale nyuzi zinapokutana, shamba lote libaki la kulimwa na jicho. Nilikuwa nikisimama na fremu hiyo mlangoni pake siku nzima, mkono unaniuma, naona ng'ombe wakiingia kishamba cha kwanza na kutokea cha sita. Siku hizo sikuwa na kitu, wala mtu aliyenitegemea, na sikujua kwamba ni siku nzuri.

Akaishusha fremu, akanipa. “Hebu nione kama bado unaona.”

Nikamwambia sina muda. Akasema naye hana negativu. Basi nikasimama mlangoni mpaka saa kumi, nikitafuta njia ya matuta ya maharage, yalivyozunguka kilima kama mistari ya kiganja. Picha mbili: moja ya matuta, moja ya mzee mwenyewe ameinama pembeni, na matuta yanamwendea. Ndipo akaleta kopo la majani ya chai, akachambua vipande vya mikanda, akakishika kimoja dirishani.

“Mlima umekaa vizuri,” akasema. “Mtu yuko kwenye mstari. Miguu haipo, hilo hata kuku anaona. Lakini tazama uso wake. Anatazama wapi?”

“Kulia.”

“Kulia kuna nini?”

“Hakuna kitu. Picha imeishia hapo.”

“Na hii boriti nyuma yake?”

Mgongoni kwa mzee kulikuwa na boriti ndefu ya mlalo, ya ile ngazi ya mbao ya kupandishia ng'ombe kwenye lori. Ilianzia begani mwake, ikaenda kulia, ikatoka nje ya picha.

“Macho yanatoka, boriti inatoka,” akasema Mzee Lohay. “Jicho ni kama ng'ombe, ukilionyesha njia linafuata. Wewe umelionyesha mlango wa kutokea. Nafasi yote umeiweka nyuma ya kisogo chake, anakotazama hukuacha hata shubiri. Watu wanalalamikia miguu. Miguu ni kosa la pili. Nenda kaulize alikuwa anatazama nini.”

“Nitakuandikia barua.”

“Uje mwenyewe. Ndiyo bei ya negativu.”

Nilijaribu kuipunguza bei hiyo kwa njia tatu. Haikupungua.

Alhamisi asubuhi nilipata lori lililobeba vitunguu saumu, likateremka Dareda na kushika barabara ya Katesh. Dereva aliniambia harufu itaisha mwilini baada ya siku mbili; alinidanganya kwa siku tatu. Kuanzia hapo Hanang ilikuwa mbele yetu, mara kushoto mara kulia, kadiri barabara ilivyotaka. Ukiwa mbali ina umbo, mgongo mmoja unaopanda na kushuka, wa kuchorwa hata na mtoto wa darasa la kwanza. Tulipofika Katesh, chini yake kabisa, mlima haukuwa na mgongo tena, ulikuwa na tumbo tu. Nikapiga picha mbili na zote mbili nilijua hazina kitu. Nikalala Katesh, na kabla ya kulala nikahesabu picha zilizobaki kwenye mkanda: thelathini na moja. Nikahesabu tena.

Ijumaa, saa tatu, Gehandu. Samweli, kaka yake Agnes, alinipokea barabarani na baiskeli, akaubeba mkoba, mimi nikatembea. Alikuwa mpole, mtu wa kukaribia umri wangu, na njiani aliniambia neno moja tu la maana: “Usimbishie sana mama. Anachoka.” Kisha baada ya hatua kadhaa: “Lakini usipombishia kabisa atakudharau.”

Mama Agnes alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, amevaa sketi yake ya ngozi yenye mikunjo na bangili za shaba. Alikuwa mwembamba, na kila baada ya maneno machache alinyamaza apate pumzi. Kiswahili chake kilikuwa kifupi, na kilimtosha.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Ndiyo wewe?”

“Ndiyo mimi.”

“Kunywa maziwa.”

Nikanywa. Kibuyu kilikuwa kimefukizwa moshi, maziwa mazito. Nikamaliza, nikaongezwa. Nikamaliza, nikaongezwa. Nilielewa kwamba siwezi kuulizwa kitu tumbo likiwa na nafasi. Baada ya kibuyu cha tatu akamwashiria Samweli, naye akaleta picha kutoka ndani. Nilikuwa sijaiona kwa miaka yote hiyo. Mzee Gidahoda, mrefu, fimbo mkononi, amesimama upande wa kulia kabisa, na picha imemwishia chini kidogo ya magoti.

“Picha alipiga kwa ajili ya viatu,” akasema Mama Agnes. “Viatu viko wapi?”

“Mama, nilikosea.”

“Hilo najua. Nakuuliza viko wapi.”

“Chini ya picha. Nje.”

“Na huu?” Akaweka kidole kwenye mlima. “Umeupa nafasi kubwa. Ulikulipa?”

“Haukunilipa, mama.”

“Mume wangu alilipa. Mlima umekaa, yeye umemsogeza kama mgeni aliyekosa kiti.” Akapumua. “Hii nafasi tupu ni ya nani?”

Nikamweleza habari ya vishamba tisa. Nikachora mavumbini kwa kijiti, mistari minne, nikamwonyesha nyumba inakaa wapi na shamba linabaki wapi. Nikasema nafasi ni ya jicho kupumzika.

“Jicho la nani limechoka?”

Samweli akageukia ng'ombe ili asicheke mbele ya mgeni. Kwa kawaida, mteja akifika hapo mimi hushusha bei, lakini pale hapakuwa na bei ya kushusha. Nikakumbuka deni la Mzee Lohay la swali moja.

“Mama, mzee hapa anatazama kulia. Alikuwa anatazama nini?”

Akaichukua picha, akaisogeza karibu na uso. Kidole chake kikauacha mlima, kikafuata macho ya mzee mpaka ukingo wa picha.

“Mimi,” akasema. “Nilikuwa nimesimama pale, na kibuyu. Nilikuwa nacheka viatu.”

Hata Samweli alikuwa hajui. Mama akaendelea kidogokidogo: jinsi mzee alivyotembea navyo kama ndama aliyezaliwa asubuhi, jinsi alivyomfokea kwa macho asimcheke mbele za watu, naye akashindwa kujizuia. Walirudi nyumbani wakicheka wote wawili. Yote hayo yalikuwa hatua chache nje ya kitundu changu cha kuchungulia, na mimi nilikuwa nafuata mlima.

Nilipata wazo, na kwa sababu wazo la haraka ndilo lililonileta pale, nililifikiria mara mbili. Nikamwomba twende mnadani, mahali pale pale. Nisimame nilipokuwa nimesimama. Yeye asimame alipokuwa amesimama. Nigeuze kamera kulia, mpaka mwisho wa picha ya kwanza uwe mwanzo wa picha ya pili. Katika picha yake nimweke upande wa kushoto, kwenye ule mstari wa kwanza wa theluthi. Halafu picha mbili zikae kwenye fremu moja, bega kwa bega.

“Atakuwa ananitazama?”

“Kama nitapima vizuri.”

“Na ukipima vibaya?”

“Utaigeuzia ukutani.”

Akacheka kwa pua. “Twende.”

Saa nane tulikuwa uwanjani. Samweli alimleta mama yake polepole, amekaa nyuma ya baiskeli inayosukumwa. Mnada ulikuwa umehamishwa siku nyingi. Palibaki majani makavu na nguzo za ile ngazi. Boriti haikuwepo. Bila boriti, hakuna mstari wa kutoka kwenye bega la mzee kumfikia mkewe.

“Boriti ni ile ya mlango wa zizi letu,” akasema Samweli. “Walipohama tuliichukua.”

Akarudi kuifuata. Alikuja nayo begani, jasho linamtoka, na nyuma yake ng'ombe watano, kwa kuwa zizi lilikuwa halina mlango. Tukaifunga kwenye nguzo kwa kamba. Kisha nikaanza kutafuta mahali pa kusimama. Katika picha ya zamani, kichwa cha nguzo moja kilikuwa kimegusa mlima pale unapoinama kidogo. Nikasogea kushoto, nguzo ikapita, nikarudi, ikapungua, nikapiga hatua nyuma. Mama Agnes alinitazama nikicheza ngoma hiyo mpaka akachoka.

“Ulisimama pale,” akasema, akanyoosha fimbo. “Ulikanyaga mavi ya ng'ombe. Nilikucheka na wewe pia.”

Nikasimama pale. Nguzo ikagusa mlima.

Kulibaki mambo mawili ya kubishania. La kwanza, idadi. Nilimwambia nitapiga tano, nichague nzuri.

“Mume wangu ulimpiga ngapi?”

“Moja.”

“Basi na mimi moja.”

“Mama, nina thelathini na moja humu ndani. Nipe hata tatu.”

“Moja.”

“Mbili. Ukifumba macho je?”

“Sitafumba.”

Nimebishana na Wachaga, nimebishana na madereva wa malori ya vitunguu. Nilikubali moja.

La pili lilikuwa gumu zaidi. Nikiwa nimesimama pale pale, yeye akisimama sawa na mzee, miguu yake nayo ingekatika. Ili ionekane ilimbidi arudi nyuma hatua moja na nusu, na akirudi angeonekana mdogo kuliko mumewe, na nyuma kidogo. Nikamweleza bila kumficha. Achague yeye.

Akatazama mlima, akatazama boriti.

“Miaka yote nilitembea nyuma yake,” akasema. “Hatua moja na nusu haitaniua. Mmoja wetu awe na miguu.”

Kisha akamwambia Samweli kitu kwa lugha yao. Samweli akafungua mfuko uliokuwa kwenye baiskeli, akatoa vile viatu vya kahawia. Vilikuwa vimepakwa mafuta, kamba mpya. Mama akaketi juu ya jiwe, akavivaa, mwanawe akamfunga. Vilimzidi sana. Chini ya ile sketi ya ngozi vilionekana kama vimekuja wenyewe.

Akasimama nilipomwonyesha. Nikachungulia: boriti inaingia kutoka kushoto na kumfikia begani, mgongo wa mlima unamalizia kushuka nyuma yake na kulala tambarare, nafasi yote iko kulia. Nikahesabu miguu. Miwili. Nikahesabu tena.

“Mama, mtazame.”

Akageuka kushoto, kwenye majani makavu ambapo hapakuwa na mtu. Kwanza uso haukuwa na kitu. Halafu ukaanza kufunguka kutokea machoni, akazuia, akashindwa, akacheka. Nikabonyeza.

“Imekwisha?” akauliza.

“Imekwisha.”

“Moja?”

“Moja.”

Thelathini zilizobaki nilizimaliza kabla ya jua kushuka. Watu walikuwa wamefuata boriti, na kila mmoja alitaka yake: wote katikati, wote mikono mapajani, wote na miguu. Sikumsogeza mtu.

Jumamosi nilirudi Babati, nikatuma mkanda na negativu Arusha visafishwe kwa ukubwa mmoja. Siku zile hapakuwa na kuitazama picha papo hapo mgongoni mwa kamera. Ulibonyeza, kisha ukakaa na wasiwasi wako siku nne. Bahasha ilipokuja sikuifungua mbele ya wateja, nilifunga mlango kwanza. Nikazilaza mezani, nikazisogeza taratibu mpaka zikagusana. Boriti ilitoka begani kwa mzee, ikavuka, ikafika begani kwa mama bila kuvunjika. Mlima ulishuka kwa mstari mmoja. Mzee alikuwa anatazama kulia, kwa ukali wa mtu anayechekwa, na mkewe alikuwa anamcheka. Kila picha peke yake ilikuwa na mtu wa pembeni. Zikiwa pamoja, walikuwa katikati, kama walivyotaka tangu mwanzo.

Fundi akanitengenezea fremu. Kabla ya kumkabidhi Agnes, nilipanda nayo Endagikot kulipa bei yangu. Mzee Lohay aliiweka mapajani, akapitisha kidole gumba pale picha zinapokutana. Nikamwambia mzee alikuwa anatazama nani.

“Umewaweka watu katikati,” akasema.

“Kwa kufuata theluthi.”

Akaitazama tena kwa muda. “Miguu miwili,” akasema. “Kwa watu wawili, si mbaya.” Halafu akanipa ile fremu ya nyuzi, akasema macho yake sasa yanatosha kwa maharage tu.

Wakati wa kushuka Dareda nilihesabu kona nikapata ishirini na moja. Mbili mpaka leo sijui ziliishia wapi.

Agnes aliipeleka fremu Gehandu, akarudi na ujumbe. Mama ameitundika, imetazama mbele. Anasema mlima sasa umekaa kama mgeni, pembeni, inavyofaa. Anasema pia nimempa mzee uso wa hasira, lakini hilo si kosa langu, ndivyo alivyokuwa akichekwa. Mama aliishi misimu miwili ya mvua baada ya hapo. Siku ya maziko yake sikuwa na kamera, nilikwenda mikono mitupu kama mtu mwingine yeyote.

Siku hizi simu yenyewe ina ile mistari minne. Unabonyeza, inakuchorea, huhitaji gunia wala Mzee Lohay. Vijana wanaokuja kwangu kujifunza wanajua theluthi kabla ya kunijua mimi. Nawauliza tu, ukishamweka mtu pembeni, hiyo nafasi umemwachia nani? Wengi wananijibu kwamba inapendeza. Fremu ya nyuzi iko ukutani, uzi mmoja umekatika na sijaubadilisha. Na mimi, kabla sijabonyeza, bado hushusha macho mpaka chini kabisa nihesabu miguu. Mara mbili.